Hewa ya mjomba: kisa cha mpira wa kupumulia uliobanwa begani

Kisa hiki ni cha Malindi, mwezi wa Desemba, nje ya mwamba, kwenye kina cha mita 18. Majini walikuwemo wanne: kiongozi wa uzamiaji ambaye kazi hii ameifanya tangu ujanani, mpwa wake anayejifunza kazi, na wageni wawili, mume na mke, wenye vyeti vyao. Chomboni walibaki nahodha na baharia mmoja kijana. Hakuna aliyeumia. Nilizungumza na mjomba na mpwa kila mmoja kivyake, kisha nikapewa vifaa vyao kabla havijaoshwa. Majina nayaacha, maana Malindi tunajuana.

Desemba kaskazi inaanza kushika. Upepo huu huyasukuma maji ya Mto Sabaki kuja kusini, upande wa mji, na mvua za vuli zikiwa zimenyesha vizuri bara, tope lote hutufikia sisi. Juu bahari inaweza kuwa shwari kabisa huku chini mtu anampoteza mwenzake kwa kugeuza shingo tu. Siku hiyo mtu aliweza kuona mita sita, labda saba. Wala hawakuwa ndani ya bustani za matumbawe za hifadhi, ile iliyotengwa mwaka 1968, ambako sehemu nyingi kina ni kifupi na ukikosa hewa unapanda kwa pumzi uliyo nayo. Walikuwa upande wa nje, mwamba unakoteremkia kwenye mchanga.

Mjomba alitangulia, wageni wakafuata ubavu kwa ubavu, mpwa akafunga safu. Chomboni walikuwa wamepangana kwamba mume na mke ni wenza, mjomba na mpwa ni wenza. Majini, baina ya mjomba na mpwa palikuwa na watu wawili na kama mita kumi. Ukizingatia nilivyosema kuhusu maji, hawa wenza wawili hawakuwa wakionana.

Karibu robo saa baada ya kushuka, mpwa alihisi hewa inakuja kwa uzito. "Ni kama kunywa maji ya dafu kwa mrija uliobanwa," aliniambia. Akatazama geji, kipimo cha hewa iliyobaki mtungini: bari 150. Akatulia, akaamini ni wasiwasi wake tu. Pumzi zilizofuata zikawa nzito zaidi, naye akaanza kuvuta kwa kasi, na kadiri alivyovuta kwa kasi ndivyo alivyopata kidogo. Kisha hakupata kitu. Akapiga mapezi kwa nguvu zote, akampita mke, akampita mume, akamfikia mjomba na kumshika mguu.

Mjomba alipogeuka, alimwona mpwa wake akipitisha kiganja shingoni. Hakuwa na la kuuliza. Aliishika oktopasi yake ya manjano, yaani kipumulio cha akiba cha kumpa mwenye dhiki, iliyokuwa imebanwa kifuani upande wa kulia, akaivuta ampe. Ikaja kiasi cha shubiri moja ikakwama. Akaivuta tena. Mpwa hakungoja mara ya tatu. Alinyoosha mkono akachomoa regulata, kile kipumulio kikuu, mdomoni mwa mjomba wake, akaitia mdomoni mwake.

Hapo mjomba akabaki bila hewa kwenye kina cha mita 18, ameshika oktopasi isiyofika kwa mwenzake. Ila kwake yeye ilifika. Alikunja shingo, akainamisha kidevu mpaka karibu na bega, akaiweka mdomoni. Pumzi ya kwanza ilikuwa maji na mchanga. Akabonyeza kitufe cha kusafisha, akakohoa ndani yake, akavuta tena, akapata. Wakapanda wamekumbatiana, mmoja shingo upande, kompyuta ya mkononi ya mjomba, inayopima kina na kasi ya kupanda, ikilia njia nzima. Hawakusimama mita 5, pale mzamiaji anapongoja kidogo ili mwili utoe naitrojeni kabla ya kutoka juu. Wageni waliachwa chini peke yao, jambo ambalo kwa bahati halikuzaa lingine. Walipoona viongozi wao wametoweka juu, walipanda taratibu kama walivyofundishwa.

Chomboni, geji ya mpwa bado ilisoma zaidi ya bari 140. Vali ya mtungi wake ilikuwa imefunguliwa nusu mzunguko tu.

Vali

Sehemu hii nitaipita haraka, kwa sababu ndiyo chanzo lakini siyo kiini. Kijana alikuwa ameifungua vali yake mwenyewe, yote, ipasavyo. Baharia, kwa nia njema ya kumsaidia anayejiandaa kujitosa, aliishika kuhakikisha. Ikamgomea. Akadhani imefungwa, akaizungusha upande wa pili mpaka mwisho, kisha akairudisha nusu mzunguko kama alivyoona wakubwa wakifanya. Ile desturi ya zamani ya kufungua yote halafu kurudisha kidogo, eti vali isigande, ndiyo inayozaa kosa hili, kwa sababu anayefungua na anayefunga wote humalizia kwa kitendo kilekile. Ama vali iko wazi yote, ama imefungwa yote. Na aliyeifungua ndiye peke yake wa kuigusa.

Kwa nini basi alipumua vizuri juu? Kwa sababu vali iliyo wazi nusu inapitisha hewa ya kutosha mtu akiwa chomboni, na hata akiwa mita 5. Kwenye mita 18 shinikizo ni bari 2.8, kwa hiyo kila pumzi inabeba hewa mara 2.8 ya ile ya juu, na tundu ni lilelile. Nayo geji imeungwa baada ya vali. Ukiwa hujavuta, shinikizo linajisawazisha na sindano inasimama pale inaposimama mtungi. Ukivuta, sindano inaanguka, ukiachia inarudi. Kijana aliitazama baina ya pumzi na pumzi. Wapo wanaovuta pumzi mbili kabla ya kujitosa huku wakitazama mawimbi. Pumzi hizo zivutwe tatu au nne, ndefu, na macho yawe kwenye sindano. Ikitikisika, usiingie.

Mjomba analaumiwa na baadhi ya wenzake kwa kutoipapasa vali ya mpwa palepale chini na kuifungua. Siafiki. Mtu akikupitishia kiganja shingoni hungoji kujua sababu. Unampa hewa kwanza, uchunguzi baadaye.

Aliowapita njiani

Mpwa aliwapita watu wawili, kila mmoja na oktopasi ya manjano kifuani, safi, mpira wake haujabanwa popote. Mke alikuwa mita tatu kutoka kwake. Mjomba alikuwa kumi. Katika kupiga mapezi hizo mita saba za ziada ndipo alipoimaliza pumzi iliyokuwa imebaki kifuani, na ndiyo maana alipofika hakuwa na subira ya kungoja oktopasi ijinasue.

Nilimuuliza kwa nini. Akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Wale ni wageni."

Hapo pana jambo zito kuliko linavyosikika. Kijana wa pwani amelelewa kumhudumia mgeni, si kumtia mkono mdomoni. Pia alikuwa kazini. Mgeni analipa, yeye anajifunza kazi, na kumwomba hewa mteja ni kama kukiri mbele ya mwajiri kwamba hufai. Haya yote hakuyafikiria pale chini, hakuwa na muda huo. Yalikuwa yameshaamuliwa muda mrefu kabla hajavaa mtungi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku hiyo dawa ilikuwa inaelea mita tatu mbele yake. Yule mume, waliporudi chomboni na kuelewa kilichotokea, alikasirika kidogo. Aliuliza, "Sasa mbona umenipita?" Swali la haki kabisa.

Kwa hiyo mpangilio wa safu wenyewe ulikuwa na kasoro. Anayefunga safu anawaangalia wote na haangaliwi na yeyote. Kwenye maji meupe ya Februari kasoro hii inajificha, kwa sababu kiongozi akigeuka anaiona safu yote. Kwenye maji ya Sabaki haijifichi. Anayefunga safu mwenza wake ni yule aliye mbele yake hatua chache, awe mgeni au nani, na wote wawili waambiwe hivyo kabla ya kushuka.

Mpira

Sasa tuje kwenye kifaa. Regulata ya kawaida ya kukodisha ina mipira minne inayotoka kwenye kichwa chake, kile kinachofungwa mtungini. Miwili ni ya kupumulia, na yote miwili hupita upande wa kulia: ule wa regulata kuu, wenye urefu wa sentimita 70 hivi, unaopita juu ya bega, na ule wa oktopasi, wa manjano, wenye sentimita 90 hadi 100. Kushoto upo wa kujazia hewa jaketi la kuelea na ule wa geji. Oktopasi hubanwa kifuani, katika ile pembetatu baina ya kidevu na mbavu za chini, ili mwenye dhiki aione na aifikie.

Oktopasi ya mjomba ilikuwa mahali pake, inaonekana, rangi yake ya manjano haijapauka. Ukiitazama picha aliyopigwa kabla ya kujitosa utasema kila kitu ni sawa. Lakini alipovaa jaketi kwenye chombo kinachoyumba, mpira wa oktopasi ulipita chini ya mkanda wa bega badala ya kupita nje. Mtungi, jaketi na uzito wake mwenyewe vikaukandamiza. Ulibaki mrefu wa kumtosha mwenyewe kwa taabu, na mfupi wa kumfaa mwingine. Nilimvalisha tena hivyohivyo nchi kavu, nikavuta. Kwa mkono mmoja haukutoka.

Ukaguzi wa kabla ya kuzamia ulifanyika. Walisoma, kama kila siku: jaketi, mkanda wa uzito wa risasi, vifungo, hewa, tayari. Oktopasi ilitazamwa kwa macho tu. Ilipaswa ivutwe mpaka mwisho wa mpira, na avute mwenza, si mwenyewe, kwa sababu mwenyewe huvuta kuelekea mdomoni kwake, na huko ilifika.

Nilipoifungua nilikuta chembe za mchanga chini ya kiwambo, na ule ulimi wa mpira unaotolea pumzi umejikunja pembeni. Mjomba hakumbuki mara ya mwisho alipovuta hewa kutoka kwenye oktopasi yake. Wachache wanakumbuka. Regulata kuu tunaivuta kila siku, tunaijua ikianza kuvuja, tunaipeleka kwa fundi. Oktopasi inaburutwa mchangani, inaoshwa kwa kumwagiwa maji, inaning'inizwa. Zaidi ya hayo, mafundi wengi huirekebisha iwe ngumu kidogo kuliko kuu ili isijimwagie hewa yenyewe majini. Kwa hivyo anayepewa, akiwa na mapafu matupu, hupewa kifaa kizito kuliko kile alichozoea, ambacho huenda kina mchanga ndani. Na akiitia mdomoni kichwa chini, kwa sababu amepewa kutoka upande usio wake, tundu la kutolea pumzi linakuwa juu na maji yanaingia. Wengi hapo huitema.

Hili ndilo ninalotaka kulisema katika kisa hiki chote: mkono wa mtu asiye na hewa hujichagulia. Unakwenda kwa mtu unayemwamini, na kwake unakwenda kwenye regulata inayotoa mapovu, kwa sababu hiyo inaonekana kuwa ina hewa. Mpwa alifanya yote mawili. Tumepanga vifaa kana kwamba atafanya jingine. Busara ni kuupanga mpira uufuate mkono huo, maana mkono hautakuja kuufuata mpira.

Wazamiaji wa mapango ya Florida walilifikia hili zamani. Wao regulata iliyo mdomoni ndiyo ya kutoa, nayo ina mpira mrefu wa mita 2.1, ili watu wawili waweze kutoka kwenye njia nyembamba mmoja nyuma ya mwingine. Ya akiba ina mpira mfupi na inaning'inia chini ya kidevu kwa lastiki iliyovaliwa shingoni. Ukishatoa ya mdomoni, unainamisha kichwa kidogo tu na ya akiba unayo. Mikono haitafuti kitu kifuani.

Kwa Malindi sioni haja ya mita 2.1. Hatuna mapango ya kupita kwa safu, na mpira wa urefu huo unataka mahali pa kuuchomeka kiunoni, la sivyo unapepea na kushika matumbawe. Mita 1.5, ukipita chini ya kwapa la kulia, mbele ya kifua na kuzunguka nyuma ya shingo, unatosha. Hata mita 1 chini ya kwapa, moja kwa moja hadi mdomoni na kiungo cha kugeuka karibu na regulata, unatosha kwa watu wawili kupanda wakitazamana bila kugongana miwani.

Hiyo miwani si jambo la urembo. Turudi kwenye ile safari ya juu. Mpwa alikuwa kwenye mpira wa sentimita 70 uliopita juu ya bega la mjomba. Ili regulata isimtoke ilimbidi amkumbatie, na alipomkumbatia aliushika mkono wa kushoto wa mjomba, mkono wenye mpira wa kutolea hewa ya jaketi. Hewa ya majaketi mawili ikawa inatanuka kadiri wanavyopanda, na hakuna aliyeweza kuipunguza. Ndiyo sababu walipanda kasi kupita kiasi, ilhali kipimo cha kawaida ni kama mita 9 kwa dakika. Kwa maneno mengine, ule upandaji wa hatari ulisababishwa na ufupi wa mpira kama vile kukwama kwa oktopasi kulivyosababishwa na mkanda.

Na kulikuwa na hatari nyingine ambayo mjomba aliiwahi. Kijana huyu amekulia kwenye kuzamia pweza na kamba kwa pumzi moja, tangu utotoni. Mwili wake umezoea kwamba hewa ni kitu cha kufungiwa ndani mpaka ufike juu. Kwa mzamiaji wa pumzi hakuna ubaya, hewa aliyoichukua juu anairudisha juu. Kwa aliyevuta hewa ya mtungi kwenye mita 18, hewa hiyo hutanuka mara 2.8 akifika juu, na mapafu hayana pa kuipeleka. Mjomba aliona mpwa hatoi mapovu. Akampiga kwa kiganja tumboni, mapovu yakatoka. "Hilo nilifundishwa na wazee," alisema, "ila wao walikuwa wanazungumzia mambo mengine."

Baada ya hapo kijana alipumzishwa, akapewa oksijeni, akaulizwa kila mara kama kifua kinauma au vidole vinakufa ganzi, na hakurudi majini siku hiyo. Sawa kabisa.

Hewa ya wawili

Mjomba alikuwa na bari 110 kwenye mtungi wa lita 12, kwa hiyo hawakupungukiwa. Lakini ile kanuni ya kuanza kupanda ukifika bari 50 watu huikariri bila kuihesabu. Mtu mwenye hofu anaweza kutumia lita 30 kwa dakika, wawili ni lita 60. Dakika moja ya kujipanga kwenye mita 18 ni 60 mara 2.8, yaani lita 168. Kupanda kwa dakika mbili, kwa wastani wa bari 1.9, ni lita 228. Kusimama mita 5 kwa dakika tatu ni lita 270. Jumla lita 666, ambazo kwenye mtungi wa lita 12 ni bari 55 na ushei. Mwenye bari 50 hana za kusimama, ana za kupanda tu. Kiongozi anayewabeba wengine aweke mpaka wake juu zaidi. Mimi ningesema 80 kwa kina hicho.

Walivyobadilisha

Mwenye duka, mama ambaye vifaa vyote ni vyake, alikataa kugeuza mipira ya kukodisha. "Hawa wangu wamefundishwa kwao kutafuta ya manjano," alisema. "Nikiwapa ya shingoni watazama wakiitafuta." Hoja hiyo naikubali, kwa vifaa vya wageni. Mgeni wa siku mbili usimbadilishie alichojifunza kwa majuma. Lakini kiongozi si mgeni, na watu wanamkimbilia yeye. Walikubaliana kwamba viongozi wote wavae mpira mrefu mdomoni na akiba shingoni, na kabla ya kushuka waoneshe chomboni: "Ukikosa hewa njoo kwangu, nitakupa hii ninayoivuta." Mke wa nahodha, ambaye si mzamiaji, aliuliza ikiwa mgeni hataona kinyaa. Sijakutana na aliyewahi kuona kinyaa kwenye mita 18.

Kila mtu sasa anavutiwa oktopasi yake na mwenza mpaka mpira unyooke, akishavaa kila kitu. Mipira miwili iliyopita chini ya mkanda wa bega imeshagunduliwa hivyo tangu waanze. Baharia haruhusiwi kugusa vali. Akiwa na shaka anamwambia mwenyewe avute pumzi akitazama geji. Anayefunga safu anatajiwa jina la mgeni aliye mbele yake, na mgeni anatajiwa lake.

Mjomba alianza na mita 1.5 akauacha. Anasema mkondo ukiwa mkali unampiga nyuma ya sikio. Ametulia kwenye mita 1, chini ya kwapa. Mpwa amebaki na 1.5, na wanabishana kuhusu hilo mpaka leo.